Kombe wa Baharini na Kombe wa Ziwani: Kufundisha Wanyama Wenye Magamba Mawili Katika Shule za Kigoma na Ujiji

Utangulizi

Miongoni mwa mada ambazo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuzifundisha katika sayansi ni uainishaji wa wanyama wasio na uti wa mgongo. Katika kundi hilo wamo moluska, yaani wanyama wenye mwili laini, ambao wengi wao hujikinga kwa gamba gumu. Unapofika wakati wa kutoa mfano wa moluska wenye magamba mawili, aghalabu hutajwa kombe na chaza wa baharini. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Bagamoyo, Tanga au Unguja hapati taabu kwa mfano huo. Maji yakipwa, wanafunzi wake humwokota kombe kwa mikono yao wenyewe. Lakini mwalimu wa Buzebazeba, au wa shule nyingine yoyote ya Kigoma na Ujiji, yuko umbali unaozidi kilometa elfu moja kutoka Bahari ya Hindi.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi hulitatua tatizo hili kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote. Huchora kombe ubaoni, huandika majina ya sehemu zake, kisha huwaamuru wanafunzi wanakili. Njia hii ina hasara mbili. Hasara ya kwanza inajulikana na kila mtu: mtoto hukariri maneno bila kukijua kitu chenyewe. Hasara ya pili haisemwi mara nyingi, nayo ndiyo kubwa zaidi. Mtoto wa Ujiji hukanyaga magamba ya kombe kila aendapo ufukweni kuchota maji au kungoja mitumbwi ya dagaa. Akiambiwa darasani kwamba mnyama huyo hukaa baharini, na asiambiwe neno lolote juu ya yule aliye chini ya unyayo wake, hujifunza bila kuambiwa kwamba elimu ni habari za mahali pengine. Siku nyingine akiona jambo la ajabu ziwani, hatauliza, kwa kuwa amekwisha kuzoea kwamba mambo ya ziwani si ya darasani.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kuwafundisha watoto wa kandokando ya Ziwa Tanganyika habari za kombe wa baharini kwa kumtumia kombe wa ziwani. Vile vile yatamwonya kwamba kulinganisha vitu kwa sura tu kunaweza kupotosha. Historia ya ziwa letu yenyewe ina kisa kinacholithibitisha jambo hilo, na kisa hicho chafaa kusimuliwa darasani.

Mambo ambayo mwalimu anapaswa kuyajua

Mwalimu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Kabla ya kuandika andalio la somo, yafaa ayaelewe vizuri mambo manne yafuatayo.

(a) Umbo. Mwili wa kombe umefunikwa na magamba mawili yaliyoungana mgongoni kwa bawaba. Ndani ya magamba kuna utando laini uitwao joho, nao ndio unaojenga gamba kwa madini ya kalisi kabonati, madini yale yale yaliyomo katika chokaa mbichi ya mawe. Kombe hana kichwa. Hana macho kama ya samaki wala ulimi wa kukwangulia kama wa konokono. Anao mguu mmoja wa nyama, wenye umbo la shoka au ulimi, ambao huutumia kujichimbia katika mchanga. Magamba hufungwa kwa misuli yenye nguvu. Hufunguliwa na kano ya bawaba, ambayo hutenda kazi kama mpira uliobanwa: misuli ikilegea, kano huyasukuma magamba yakaachana. Ndiyo sababu kombe aliyekufa huwa wazi, na aliye hai akiguswa hujifunga.

(b) Chakula na pumzi. Kombe hupata chakula na hewa kwa kiungo kimoja, yaani matamvua. Juu ya matamvua kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga maji pamoja kama makasia ya mtumbwi. Maji huvutwa ndani, hewa ya oksijeni huchukuliwa, na chembe za chakula hunaswa kwa ute na kupelekwa kinywani. Maji yaliyochujwa hutoka nje. Baadhi ya jamii zina mirija miwili, mmoja wa kuingizia maji na mwingine wa kutolea. Kombe wa jamii ya Arca, ambao ndio wanaookotwa sana katika pwani yetu, hawana mirija hiyo. Maji hupita katika mwanya ulio baina ya kingo za joho.

(c) Uzazi. Hapa ndipo bahari na maji baridi huachana. Kombe wengi wa baharini humwaga mayai na mbegu za kiume majini. Mayai hurutubishwa huko huko, na viluwiluwi vinavyotokea huelea na kuchukuliwa na mikondo kabla ya kutua chini na kuota magamba yao. Katika mto, viluwiluwi vya namna hiyo vingechukuliwa na maji mpaka mwisho wa mto, visirudi tena. Kwa hiyo kombe wengi wa maji baridi hulea mayai yao ndani ya matamvua ya mama. Katika jamii nyingi, watoto wakitoka humo hujishikiza kwanza katika mapezi au matamvua ya samaki, hukaa hapo kwa muda, kisha hudondoka na kuanza maisha yao mchangani. Samaki huwachukua mpaka mahali ambapo wao wenyewe wasingeweza kufika.

(d) Chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Lita moja ya maji ya Ziwa Tanganyika haifikishi hata gramu moja. Mwili wa kombe wa baharini una chumvi inayokaribiana na ile ya maji anamoishi, hivyo maji hayamwingii kwa nguvu. Mwili wa kombe wa ziwani una chumvi kidogo, lakini hata hiyo inazidi ya maji yaliyomzunguka. Kwa sababu hiyo maji humwingia mchana na usiku, na figo zake hazina budi kuyatoa bila kupumzika. Mmoja akihamishiwa kwa mwenzake hufa. Kufanana kwao kwa nje kunaficha tofauti hii kubwa iliyo ndani.

Kombe wawili wa kulinganishwa

Kwa somo hili twapendekeza kombe wawili. Wa kwanza ni kombe wa baharini aitwaye na wataalamu Anadara antiquata, wa jamii ya Arca. Wanawake na watoto wa Unguja na sehemu nyingine za pwani humwokota wakati wa maji kupwa, katika mchanga wenye matope na majani ya bahari, kwa ajili ya kitoweo. Gamba lake ni nene, lina mifuo mingi iliyotoka kwenye bawaba kuelekea ukingoni, na kwa ndani ni jeupe lisilong'aa. Tofauti na moluska wengi, damu yake ni nyekundu, kwa kuwa ina himoglobini kama damu ya binadamu.

Wa pili ni kombe wa ziwani aitwaye Pleiodon spekii, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika Ziwa Tanganyika. Ni mkubwa, gamba lake laweza kuzidi sentimita 10 kwa urefu. Halina mifuo kama ya mwenzake wa baharini, na kwa ndani hung'aa kwa rangi za lulu. Jina la spekii limetokana na John Hanning Speke, aliyefika Ujiji pamoja na Richard Burton mwaka 1858. Speke aliokota magamba kandokando ya ziwa akayapeleka Uingereza, na mwaka 1859 mtaalamu Samuel Woodward aliyaeleza kitaalamu kwa mara ya kwanza. Kombe mwingine wa ziwa hili, mdogo kuliko huyo, alipewa jina la Burton, naye leo huitwa Grandidieria burtoni. Yafaa mwanafunzi wa Ujiji ajue kwamba magamba ya ufukwe wa ziwa lake yamo katika vitabu vya sayansi tangu wakati huo. Vile vile ajue kwamba babu zake waliwafahamu wanyama hao kabla ya mgeni yeyote kuwapa jina. Mwalimu awaulize watoto wanamwitaje kombe nyumbani, kwa Kiha, Kibembe, Kimanyema au lugha nyingine, na majina hayo yaandikwe ubaoni kando ya jina la Kiswahili.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwanafunzi akitazama bawaba ya kombe wa baharini ataona safu ndefu ya meno madogo madogo, yaliyopangwa kama meno ya kitana. Akitazama bawaba ya Pleiodon, huko nako ataona safu ya meno madogo mengi. Na jina Pleiodon lenyewe, kwa asili yake ya Kiyunani, lahusu wingi wa meno. Kombe wengine wengi hawana meno ya namna hiyo. Mtoto mwerevu atasimama na kusema: "Mwalimu, basi hawa ni ndugu. Huyu wa ziwani alitoka baharini." Mwalimu atajibu nini?

Kisa cha ziwa lililodhaniwa kuwa bahari

Mtoto huyo hatakuwa amekosea peke yake. Wataalamu wa zamani walipopelekewa magamba ya konokono wa Ziwa Tanganyika walistaajabu. Konokono wa maji baridi katika nchi nyingine aghalabu huwa na magamba mepesi yasiyo na mapambo. Wa Tanganyika wana magamba mazito, yenye mafundo, miiba na mistari, mfano wa konokono wa baharini. Zaidi ya hayo, katika ziwa hili alionekana kiwavi wa maji, mnyama laini ambaye jamaa zake wengi huishi baharini.

Mtaalamu wa Kiingereza J. E. S. Moore alilichunguza ziwa hili katika safari mbili mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba hapo kale sana Ziwa Tanganyika liliungana na bahari, na kwamba konokono wake ni mabaki ya wanyama wa bahari hiyo. Aliyalinganisha magamba yao na ya konokono wa baharini waliogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita, akaona yanafanana.

Hoja hiyo ilivutia watu, lakini haikusimama. Mtaalamu mwingine, W. A. Cunnington, aliongoza safari ya ziwani mwaka 1904 hadi 1905, na uchunguzi wake haukuiunga mkono. Wanajiolojia walionyesha kwamba ziwa hili limo katika Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka na kudidimia, shimo likajaa maji ya mvua na ya mito. Umri wake hukadiriwa kuwa baina ya miaka milioni 9 na milioni 12, na kina chake hufika mita 1,470. Siku hizi wataalamu huweza kuchunguza urithi uliomo ndani ya chembe za mwili wa mnyama, na uchunguzi huo umethibitisha kwamba konokono wa Tanganyika ni wa ukoo wa konokono wa maji baridi.

Basi sura ya baharini ilitoka wapi? Wataalamu wengi wanaona kwamba imetokana na maisha ya ziwani humu. Ziwa ni kubwa, la kale, lenye mawimbi na madini mengi ya kujengea gamba, nalo lina kaa wenye magando yenye nguvu ambao hupasua magamba na kula nyama. Konokono mwenye gamba zito hupona. Mwenye gamba jepesi huliwa. Kwa vizazi vingi magamba yakazidi kuwa mazito na yenye mafundo, kama yalivyo baharini ambako nako wamo kaa wapasuaji. Mashaka yanayofanana yalizaa kinga inayofanana, katika koo mbili zisizohusiana kwa karibu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa meno ya bawaba. Meno huzuia gamba moja lisiteleze juu ya jingine, na kila ukoo uliyapata kwa njia yake. Kombe wa baharini ni wa ukoo wa Arca. Pleiodon ni wa ukoo wa kombe wa mitoni na maziwani, ambao alama yao mojawapo ni ule mng'aro wa lulu ndani ya gamba. Mwalimu amwambie mtoto aliyeuliza: umeona alama moja inayofanana, nayo umeiona vizuri, sasa tafuta alama nyingine, uzihesabu zinazofanana na zinazotofautiana. Atageuza magamba na kuona kwamba moja lang'aa ndani na jingine halina mng'aro. Atapapasa nje na kuona mifuo upande mmoja tu. Atatazama meno tena na kuona kwamba ya baharini yamepangwa sawasawa, ilhali ya ziwani hayana mpangilio ulio sawa. Alama moja haitoshi kuthibitisha undugu. Watu wawili wenye makovu mashavuni si lazima wawe wa mama mmoja.

Zana za kufundishia

Zana nyingi hupatikana bila gharama. Mwalimu akusanye:

1. Magamba makavu ya kombe wa ziwani yaliyotupwa na mawimbi, walau jozi moja kwa kila kikundi cha wanafunzi watano au sita.
2. Magamba machache ya kombe wa baharini. Mwanachuo atakuta wenzake waliotoka mikoa ya pwani; awaombe wamletee watokapo likizo. Magamba hayaozi, na yakitunzwa katika kabati la shule yatatumika miaka mingi.
3. Ndimu au siki.
4. Mitungi miwili ya kioo au chupa mbili za plastiki zisizo na rangi, zilizokatwa shingo.
5. Masizi au chaki iliyosagwa, na karatasi.
6. Vipande viwili vya boksi gumu, kipande cha soli ya kandambili, na uzi.

Vifaa vya namba sita ni vya kutengenezea mfano wa bawaba. Kata vipande viwili vya boksi kwa umbo la gamba. Weka kipande kidogo cha soli ya kandambili baina yao, karibu na ukingo mmoja, kisha funga ukingo huo kwa uzi ulioupitisha nje ya soli. Mwanafunzi akibana kingo za upande wa pili kwa vidole, soli hubonyea. Akiachia, boksi hufunguka lenyewe. Vidole ni misuli, soli ni kano. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatahitaji kukariri kwa nini kombe mfu huwa wazi.

Hadhari

Mwalimu asimpeleke mtoto yeyote majini kutafuta kombe. Ufuko wa ziwa letu una hatari ya kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka katika konokono wadogo wa maji baridi, huogelea, na hupenya ngozi ya mtu aliye majini hata akiwa hana jeraha. Ni vyema watoto waelewe kwamba kombe mwenye magamba mawili haenezi kichocho; anayehusika ni konokono. Lakini maji wanamoishi wote wawili ni yale yale. Katika baadhi ya sehemu wamo mamba pia. Magamba yaokotwe mchanga mkavu, wakati wa mchana, mwalimu akiwa pamoja na watoto, na idadi yao ihesabiwe wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Kombe hai wawili au watatu wanaohitajika kwa jaribio la mitungi watafutwe na mwalimu kwa msaada wa wavuvi, siku mbili kabla ya somo. Waletwe wakiwa wamefungwa katika kitambaa kibichi, kisha wakae katika ndoo ya maji yaliyochotwa na kuchujwa kwa kitambaa, yasiyo na konokono, yakafunikwa kwa siku hizo mbili. Vijidudu vya kichocho hufa katika muda huo visipompata mtu. Baada ya somo kombe warudishwe ziwani, na mikono ya wote ioshwe kwa sabuni.

Magamba matupu yaliyo chini ya maji yaachwe huko huko. Katika ziwa letu kuna sehemu pana za chini zilizotandazwa magamba ya konokono mkubwa aitwaye Neothauma, na mengine yamelala hapo kwa mamia ya miaka. Ndani yake hukaa samaki wadogo wanaotaga mayai na kulea watoto humo. Tukiyaondoa magamba hayo tumewabomolea nyumba.

Hatua za somo

Somo hili lafaa lipewe vipindi viwili mfululizo katika Darasa la Tano au la Sita.

Hatua ya kwanza: kujua walichonacho. Kabla ya kusema lolote, mwalimu akipatie kila kikundi gamba la ziwani. Aulize: Hiki ni nini? Mmekiona wapi? Kilikuwa na nani ndani? Majibu yote yaandikwe ubaoni, hata yasiyo sahihi. Mwalimu asisahihishe bado.

Hatua ya pili: kuchunguza gamba. Wanafunzi wapapase nje na ndani, wachore walichokiona, waonyeshe bawaba na makovu ya misuli. Kisha wadondoshee gamba matone ya ndimu na kutazama mapovu yanayotokea. Mwalimu aeleze kwamba mapovu hayo ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka asidi ya ndimu ikutanapo na kalisi kabonati.

Hatua ya tatu: kombe hai. Mitungi miwili ijazwe maji ya kijani yenye mimea midogo, yaliyoachwa juani siku kadhaa katika ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi. Mmoja utiwe kombe hai, mwingine uachwe bila kombe. Yote miwili iwekwe kivulini mahali pamoja. Somo liendelee, na mitungi itazamwe tena baada ya saa kadhaa. Ule wenye kombe utaanza kung'aa kabla ya mwenzake. Mwalimu asikose kuuliza: Mtungi usio na kombe tumeuweka wa nini? Mtoto akiweza kujibu kwamba bila huo tusingejua kama maji yametulia yenyewe, ameelewa jambo kubwa kuliko kombe.

Hatua ya nne: kulinganisha. Sasa kila kikundi kipewe gamba la baharini. Wapake masizi bawaba zote mbili na kuzikandamiza juu ya karatasi, ili meno yaache chapa. Wachore jedwali lenye safu mbili, moja ya mambo yanayofanana na nyingine ya yanayotofautiana. Mwalimu awaachie wabishane kama hawa ni ndugu wa karibu, kila kikundi kikitoa ushahidi wake. Ndipo asimulie kisa cha ziwa lililodhaniwa kuwa bahari.

Hatua ya tano: kurudi ubaoni. Majibu ya hatua ya kwanza yasomwe tena, na wanafunzi wenyewe waseme lipi libaki, lipi lifutwe, na kwa ushahidi gani.

Maswali yanayoweza kuulizwa na watoto

"Kombe wa ziwani analiwa?" Mwalimu aseme kwamba wa baharini huliwa sana pwani, lakini mtu asimle kombe yeyote aliyeokotwa ovyo. Kombe huchuja maji, na uchafu ulio majini hukusanyika mwilini mwake. Aongeze kwamba jambo hilo hilo humfanya kombe kuwa shahidi wa hali ya maji.

"Je, mistari ya gamba ni miaka yake?" Gamba hukua kwa kuongezwa ukingoni, na mistari huonyesha nyakati ambazo ukuaji ulipungua au kusimama. Si lazima kila mstari uwe mwaka mmoja. Mtoto asifundishwe kuihesabu kama umri bila ushahidi mwingine.

"Kwa nini hapo zamani walikuwa wengi kuliko sasa?" Swali hili likiulizwa, mwalimu asilikubali wala kulikataa papo hapo, bali awatume watoto wakawaulize wazee na wavuvi. Jambo moja linajulikana: mahali ambapo miti ya milimani imekatwa na mvua hubeba udongo mpaka ziwani, tope hufunika mawe na mchanga, na viumbe wa chini hupungua. Kombe anayeishi kwa kuchuja maji huziba matamvua kwa tope. Hapo somo la kombe laungana na somo la kilimo na upandaji miti, wala mwalimu asiogope kuvuka mpaka huo.

Tathmini

Mwalimu asipime somo hili kwa kuuliza majina ya sehemu za kombe tu. Majina yana nafasi yake, lakini mwanafunzi aliyeyataja yote bado anaweza kuwa hajaelewa. Yafaa apewe kitu asichokiona katika somo, mathalani gamba la konokono, na kuulizwa: Je, huyu ni wa kundi la kombe? Toa alama mbili za kuthibitisha jibu lako. Mwanafunzi akitoa jibu sahihi pasipo alama, apewe nusu ya maksi. Akitoa jibu lisilo sahihi lakini lenye alama alizoziona kweli, naye apewe nusu, kisha aongozwe kutafuta alama iliyompita.

Hitimisho

Si lazima shule iwe kando ya bahari ili mtoto ajifunze viumbe wa bahari, mradi mwalimu ajue kuanzia kwa kilicho karibu. Ziwa Tanganyika limewafundisha wataalamu wa dunia nzima kwamba kufanana si undugu, na iliwachukua miaka mingi kulikubali fundisho hilo. Mtoto wa Buzebazeba anaweza kulipata katika vipindi viwili, akiwa ameshika gamba mkononi na akiulizwa: ushahidi wako uko wapi?

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andika andalio la somo la vipindi viwili juu ya kombe kwa Darasa la Tano, ukitumia zana zinazopatikana katika eneo la shule unayofanyia mazoezi.
2. Tengeneza mfano wa bawaba kwa boksi na soli ya kandambili. Uonyeshe mbele ya wenzako, nao wataje mahali ambapo mfano huo haufanani na kombe wa kweli.
3. Chagua mnyama mwingine anayetajwa katika vitabu vya sayansi lakini hapatikani Kigoma. Taja kiumbe wa hapa anayeweza kutumika badala yake, na ueleze mambo mawili ambayo ulinganisho huo ungeweza kumpotosha mtoto.
4. Mwanafunzi asema: "Pomboo ana mapezi na mkia, basi ni samaki." Andika maswali matatu ya kumwongoza agundue mwenyewe upungufu wa hoja yake, pasipo kumwambia jibu.